Sufu, akriliki au pamba? Sweta la mjukuu na hukumu ya mjukuu mwenyewe

Mtoto wa miaka minne bado hajui kusema uongo wa heshima. Mvalishe sweta ulilolifuma kipupwe kizima, atatulia kidogo, atainua mabega, atajikuna shingo, halafu atatoa hukumu: "Bibi, linawasha." Mama yake atamkazia macho, "Sema asante!", naye atasema asante huku mkono bado uko shingoni. Wafumaji wengi huondoka na ile asante. Mimi nashauri uondoke na lile neno la kwanza, maana ndilo litakalokwambia safari nyingine ununue uzi gani.

Huku Njombe tunafuma kwa sababu baridi ipo. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti watu wanaamka na ukungu. Ukipanda Makete, kwenye uwanda wa Kitulo, kuna asubuhi utakuta majani yamefanya barafu. Mtoto wa huku atalivaa sweta apende asipende, kwa hiyo ni haki yake kulivaa bila kuteseka. Kwa bibi anayeanza sweta jipya (na kwa babu pia, wako wanaofuma, ingawa hawapendi kutajwa), hapa naweka bega kwa bega yale mambo anayotakiwa kuamua kabla hajaanzisha mshono wa kwanza.

Uzi

Dukani utaulizia uzi wa sweta na utapewa akriliki. Mara nyingi hutaambiwa hivyo, utaambiwa "huu mzuri, mama". Akriliki ni uzi wa kiwandani unaotokana na mafuta ya petroli. Ulianza kutengenezwa kwa biashara mwaka 1950 huko Marekani, kampuni ya DuPont ikiuita Orlon, na leo ndio umejaa kwenye maduka ya uzi kuanzia Mbeya mpaka Nairobi. Sufu halisi ya kondoo ni adimu kwetu, na sababu iko malishoni: kondoo wetu wengi, wakiwemo wale wekundu wa Kimasai, wana nywele fupi zisizofaa kusokota uzi. Kondoo wa sufu, Merino na Corriedale, wanafugwa zaidi nyanda za juu za Kenya, kama Molo na Nyandarua.

Kama bonge halina lebo, au lebo huiamini, omba kipande kidogo cha uzi ukakichome nje, mbali na watoto. Sufu hunuka nywele zinazoungua, na mabaki yake yanasagika vidoleni yakawa unga. Akriliki huyeyuka ikaacha kishanga kigumu cheusi. Pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Uzi wa mchanganyiko unatoa dalili mbili kwa pamoja, harufu ya nywele na kishanga.

Sasa turudi kwenye lile "linawasha". Watu husema mtoto ana mzio wa sufu. Mara nyingi sivyo. Unene wa unywele wa sufu hupimwa kwa maikroni, yaani sehemu moja ya milioni ya mita. Sufu ya Merino huwa na maikroni 17 hadi 22 hivi, na unywele mwembamba namna hiyo hujikunja ukigusa ngozi. Unywele uliovuka maikroni 30 haujikunji, ncha yake inachoma. Hata nywele nene chache tu ndani ya uzi, kama tano katika kila mia, zinatosha kumfanya mtoto ajikune. Corriedale yuko katikati: sufu yake inaweza kuwa na maikroni 25 na inaweza kugonga 30, kwa hiyo bonge moja linaweza kuwa laini na la pili likawasha, ingawa yametoka kwa aina moja ya kondoo.

Usipime ulaini kwa vidole. Vidole vyetu vimeshika jembe na kupakua sufuria za moto, havihisi kitu. Chukua bonge uliweke shingoni chini ya sikio, zungumza na muuzaji bei kama dakika mbili, halafu ujisikilize. Ukitamani kujikuna, mtoto ndiye atakayelia.

Nikiziweka tatu hizi pamoja, naona hivi.

Sufu inashinda kwa joto. Inaweza kunywa unyevu mpaka karibu theluthi ya uzito wake kabla hujaihisi imelowa, na hilo kwa mtoto anayekwenda shule kwenye manyunyu na ukungu si jambo dogo. Inashinda pia karibu na moto. Jioni watoto wa huku wanaota moto jikoni, kuni zinarusha cheche, na mtoto wa miaka mitatu hana habari na mkono wa sweta lake. Sufu haishiki moto upesi, na ukiitoa motoni huelekea kuzimika yenyewe. Akriliki huyeyuka na kugandia ngozini. Kwa nyumba inayopikia kuni au mkaa watoto wakiwa wamezunguka jiko, mimi ningelipa zaidi nipate sufu, au walau mchanganyiko wenye sufu nusu, na mikono ya sweta ningeifuma iwe myembamba isiyoning'inia.

Sufu inashindwa kwenye beseni. Kila unywele wake una magamba madogo sana. Ukiutia maji ya moto na kuusugua, magamba yanashikana na hayaachani tena: sweta linarudi, linakuwa gumu, na mkono uliofika kiganjani unaishia kwenye kiwiko. Sufu inataka maji ya uvuguvugu, kubonyezwabonyezwa bila kusuguliwa, kuviringishwa kwenye taulo ili likamuke, na kuanikwa likiwa limelala kwenye mkeka. Nani atafanya hayo? Mama mtu anafua beseni tatu Jumamosi asubuhi kwa sabuni ya mche, au kazi ameachiwa dada wa nyumbani ambaye hakuna aliyemwambia. Swali la nani atafua ni zito kuliko swali la rangi, na bibi wengi hawaliulizi. Ipo sufu iliyotiwa dawa kiwandani ili isirudi, lebo yake itaonyesha kwamba inafulika kwa mashine. Ukiipata, na shingo yako ikaikubali, chukua.

Akriliki inashinda hapo hapo sufu iliposhindwa. Sugua, kamua, anika juani, kesho inavaliwa. Haichuji upesi, ni nyepesi, bei yake haiumizi, na ile laini ya watoto kwa kawaida haiwashi. Kasoro zake zinajulikana: baada ya miezi kadhaa inatoa vidongevidonge kwapani na kwenye viwiko, na mtoto akikimbia sana analowa jasho, halafu jasho hilo linampoa mwilini. Na pasi isiiguse. Pasi ya moto inaiua, inalegea kama tambi iliyopitiliza, na hairudi tena ilivyokuwa.

Pamba haiwashi, na kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi ndiyo naanza nayo. Ila ni nzito na haina mvutano. Sweta la pamba likishafuliwa mara kadhaa linarefuka, mikono inapwaya, na likilowa kwa mvua mtoto amebeba maji baridi kifuani. Kwa Njombe ya mwezi wa saba, pamba peke yake haitoshi. Kwa Morogoro au Tanga jioni, inatosha na kubaki.

Kama sweta la sufu limeshafumwa na limeshawasha, usilifumue kwanza. Mvalishe mtoto fulana yenye kola inayopanda shingoni ndani yake. Sehemu zinazolalamika ni shingo na vifundo vya mikono. Zikifunikwa, kelele nyingi huisha. Njia ya pili ni kufumua shingo tu na kuifuma upya kwa uzi wa pamba wa rangi inayofanana.

La kuvuta kichwani au la vifungo

Lalamiko la pili halina maneno. Ni mtoto aliyekwama, mikono juu, sweta usoni, analia humo ndani. Na mara nyingi mfumaji alipima kifua vizuri tu.

Kichwa cha mtoto ni kikubwa kuliko bibi anavyokumbuka. Mtoto wa mwaka mmoja ana kichwa chenye mzunguko wa karibu sentimita 46, na kifua chake kinakaribiana na hapo hapo. Wa miaka minne kichwa ni kama sentimita 50, kifua kimeshapita 55. Mwili unakua haraka, kichwa kidogokidogo. Kwa hiyo shingo ya sweta la mtoto mdogo lazima ifunguke karibu sawa na kifua chake, na pale unapofunga mishono ya mwisho shingoni ndipo mambo yanapoharibika, maana mkono uliochoka unakaza. Funga kwa sindano nene zaidi ya uliyofumia. Ukifumia mm 3¼, funga kwa mm 4. Wenye karatasi za zamani za mitindo wakumbuke kwamba namba za Kiingereza zinakwenda kinyume: namba 10 ndiyo hiyo mm 3¼, na namba 8 ndiyo mm 4. Waliojifunza shuleni kwa spoku za baiskeli wao watajua wenyewe wanavyokadiria.

Chini ya miaka miwili, la vifungo mbele linashinda bila ubishi. Mtoto analala, unamvalisha mkono mmoja, unamgeuza, mwingine, basi. Vifungo vishonwe kwa uzi imara na vivutwe kwa nguvu kabla ya kumpa mtu, maana kifungo kinachotoka kinaishia mdomoni. Kamba za kufungia shingoni, zile zenye vishada, ziacheni kwa mapambo ya makochi. Kwenye shingo ya mtoto ni hatari.

Kuanzia miaka mitatu mambo yanageuka. Mtoto sasa anataka kuvaa mwenyewe, na vifungo sita vidogo vinamtia hasira kila asubuhi. Hapo la kuvuta kichwani lenye shingo pana ndilo analolishika bila kuitwa. Kati ya hayo mawili kuna mtindo ambao mimi naupenda kuliko yote: la kuvuta kichwani lenye vifungo vitatu begani upande mmoja. Kichwa kinapita, shingo haipwayi, na mama akiwa na haraka havifungui kabisa.

Shingo ndefu ya kukunja? Hapana. Inapendeza kwenye picha tu.

Mkono, mashine au mtumba

Hapa huwa nawaudhi wenzangu. Kama mjukuu ana miaka saba na anahitaji sweta la shule, nenda kwa fundi mwenye mashine ya kufumia. Atamaliza kwa siku moja, mishono itakuwa sawasawa, na rangi itakuwa ile ya wenzake wote. La mkono la kijani kilichokolea kidogo kuliko kijani cha shule linaonekana mstarini, na mtoto wa darasa la pili hataki kuonekana mstarini. Hatakwambia. Atakwambia limesahaulika darasani.

Ila ukiweza kupata uzi wa rangi ileile kabisa, mambo yanageuka, kwa sababu sweta la shule ndilo linalovaliwa siku tano za wiki. Lile la maua na mistari saba litasubiri Jumapili na sikukuu, na mtoto atakuwa ameshalipita kabla ya Krismasi ya pili. Kati ya miaka miwili na kubalehe mtoto anarefuka kama sentimita sita kwa mwaka. Anayetaka kufuma kwa mkono kwa ajili ya shule aanzie shingoni ashuke chini, kipande kimoja bila kushona mabega. Mwakani unafungua ukingo wa chini na wa mikono, unaongeza sentimita zako, unafunga tena. Mashine haikupi huduma hiyo, na hapo ndipo mkono unapolipa.

Mtumba nao una nafasi yake, wala sioni aibu kuutaja. Gikomba ya Nairobi, Karume ya Dar es Salaam au mnada wowote wa mikoani utapata sweta la sufu la mtu mzima kwa bei ndogo kuliko bonge mbili za sufu mpya. Wengine wanalinunua wamvalishe mtu mzima, wafumaji wanalinunua walifumue. La mtu mzima lina gramu 500 hivi za uzi. La mtoto wa miaka minne linahitaji gramu 200 hadi 250, kwa hiyo wajukuu wawili wanapona kwa sweta moja. Kabla ya kulipa, ligeuze ndani uangalie ubavuni. Ukiona pembeni pana ukingo safi uliofumwa na kushonwa kwa uzi mmoja, litafumuka uzi mrefu mpaka mwisho. Ukiona pamekatwa na kupigwa ovaloki, liache: kila mstari umekatwa, utapata vipande vifupivifupi vya uzi na hasira. Uliofumuliwa unatoka umejipindapinda. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uuloweke maji ya uvuguvugu, uuning'inize na kitu kizito kidogo chini mpaka ukauke.

Mjukuu anaishi wapi

Sweta la Njombe si sweta la Dar es Salaam. Mwezi wa saba usiku Dar inashuka nyuzi joto 19 au 20, na wenyeji wanasema baridi kali, lakini mtoto wa Kinondoni hana pa kulivalia sweta nene zaidi ya ndani ya basi akija kwetu Desemba. Hukumu ya huko ni fupi: "Bibi, joto." Mfumie kizibao cha pamba kisicho na mikono, au achana na nguo kabisa umfumie mwanasesere. Nimeona mwanasesere wa akriliki akilaliwa, akiburutwa, akifuliwa na kulaliwa tena wakati sweta la mtoto yuleyule bado lina harufu ya duka.

Wa Minneapolis au Toronto anadanganya kwa njia nyingine. Bibi akisikia theluji anafuma kitu kizito kama blanketi. Lakini kule nyumba, shule na gari vina joto, na nje mtoto anavaa koti kubwa ambalo sweta nene halitoshi chini yake. Pia nguo zote zinaingia mashine ya kufulia na ile ya kukaushia kwa joto, na sufu isiyotiwa dawa itatoka humo ikimtosha mtoto mchanga. Wa huko mfumie jembamba, akriliki laini au Merino inayofulika kwa mashine. Au mzula. Mzula unavaliwa kila siku, gharama ya posta ni ndogo, na ukipotea kwenye basi la shule hakuna anayelia.

Na usihukumu kwa simu ya video. Mtoto anavalishwa dakika tano kabla, anasimamishwa mbele ya kamera, anaambiwa amsalimie bibi, kisha anavuliwa. Hiyo ni adabu ya mkwe wako, na mshukuru kwayo. Majibu ya mtoto utayaona kwenye picha wanazotuma bila kukufikiria wewe: wako uwanjani, wanakula, mmoja amelala kwenye kochi. Angalia amevaa nini humo.

Rangi, na wakubwa

Mpaka miaka mitatu rangi ni ya bibi. Baada ya hapo ni ya mtoto, na rangi yake huwa mbaya. Mpe mabonge matatu ambayo wewe mwenyewe unayavumilia achague moja. Akilichagua yeye, hata likiwasha kidogo atalitetea.

Wa miaka tisa, kumi, ndio wagumu kuwasoma, maana hao sasa wameshajifunza uongo wa heshima. "Asante bibi, zuri sana," halafu kimya. Usimuulize kama amelipenda. Muulize kama shingo iko sawa, kama mikono ni mirefu. Kwenye swali la namna hiyo atasema kweli, kwa sababu halionekani kama linakudai shukrani.

Kijana wa kidato cha pili usimfumie sweta asiloliomba. Mfumie mzula mweusi. Akiomba sweta mwenyewe, akakuonyesha picha kwenye simu, basi acha mengine yote ulifume hilo, lilivyo, hata kama limetoboka kwa makusudi.

Kabla ya kununua uzi, piga simu uombe vipimo vinne kwa sentimita: kichwa, kifua, urefu wa mkono kutoka kwapani, na urefu wa mwili kutoka begani mpaka nyongani. Ongeza sentimita sita au nane kwenye kifua ili apate nafasi ya fulana ndani. Umri usiuulize. Wa miaka mitano wa kwa mwanangu mmoja anavaa nguo za wa miaka saba wa kwa mwingine, na wote wawili wanakula vizuri.